Ditekta inaona sarafu, pete inaipita: mikrosekunde zako zinaliwa wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Likoni, Mombasa, elektroniki nimejifunza kwa kutengeneza redio na inveta. Nimeunda ditekta ya metali ya aina ya pulsi (koili inapigwa umeme kwa muda mfupi, unakatwa, kisha mashine inasikiliza mwitikio wa metali) kwa ajili ya kutafuta vitu vilivyopotea ufuoni. Koili ina kipenyo cha sentimita 28, mizunguko 22, kama mikrohenri 300. Betri ni ya volti 12, mosfeti (transista inayowasha na kukata mkondo wa koili) ni IRF740, na geti yake, mguu unaoiamuru, inarudishwa chini kwa rezista ya 1k, yaani omu 1000. Rezista ya kutuliza koili ni ya omu 500. Mbele ya op-ampu, yaani IC ya kukuza ishara, kuna rezista ya 1k na diodi mbili za 1N4007 zilizopishana (moja ikitazama huku, nyingine kule), halafu NE5534 moja inayokuza mara 1000. Sarafu ya shilingi 20 naipata vizuri, vifuniko vya soda ndio usiseme. Lakini pete nyembamba ya dhahabu ya mke wangu hailii mpaka niigusishe na koili. Nikijaribu kusikiliza mapema kuliko mikrosekunde 35 baada ya pulsi kukatika, mashine inalia mfululizo. Ninunue op-ampu ya bei ghali, au niongeze ukuzaji hadi mara 5000?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hela yako iweke mfukoni kwanza, na ukuzaji uache hapo ulipo. Mashine yako ina nguvu ya kutosha ya kusikia, tatizo ni kwamba inaanza kusikiliza wakati pete imeshanyamaza. Umetoa karibu vipimo vyote vinavyohitajika, kwa hiyo tunaweza kufuata pulsi hatua kwa hatua na kuona kila mikrosekunde inakwenda wapi.

Tuanze na pete yenyewe, maana ndiyo inayopanga ratiba. Mkondo wa koili ukikatika ghafla, ndani ya pete huzaliwa mkondo mdogo unaozunguka, na huo ndio unaorudisha ishara kwako. Mkondo huo hufifia haraka au polepole kutegemea upana wa kitanzi, unene wake, na jinsi metali inavyopitisha umeme. Nimepiga hesabu ya pete yenye upana wa kidole cha kawaida na unene wa milimita 1.2, ya dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine kama zilivyo pete nyingi za bei ya kawaida. Inapoteza karibu theluthi mbili ya ishara yake kila mikrosekunde 6. Pete nene ya dhahabu safi, ya milimita 2, hudumu zaidi ya mara kumi ya hapo, ndiyo maana kuna watu watakaokuambia mashine kama yako inaona dhahabu bila shida. Wanasema kweli, ila dhahabu waliyojaribia si ya mkeo. Mkufu mwembamba ni mgumu kuliko vyote, kwa sababu kila kiungo chake ni kitanzi kidogo kinachojitegemea na kinazima kabla hujaanza.

Sasa linganisha. Mikrosekunde 10 baada ya pulsi kukatika, pete yetu imebaki na karibu asilimia 19 ya ishara iliyoanza nayo. Kwenye mikrosekunde 35 imebaki na asilimia 0.3. Kati ya nyakati hizo mbili ishara imeshuka zaidi ya mara 60. Ukuzaji wa mara 5000 utakurudishia mara 5 tu, na kelele nayo itapanda mara 5 hizohizo. Hakuna ukuzaji utakaofidia ulichopoteza kwa kuchelewa.

Mahali pa kwanza unapopoteza ni kwenye geti ya mosfeti, na hapo unapoteza bure kabisa. Kuizima IRF740 ni kuondoa chaji iliyo kwenye geti, ambayo kwa kitabu chake hufika nanokulombu 63. Rezista ya 1k kwenye volti 10 inavuta miliampia 10, tena inazidi kupungua kadiri volti zinavyoshuka. Gawanya: si chini ya mikrosekunde 6 mosfeti ikiwa inafunga kwa kusitasita. Muda wote huo mkondo wa koili unapungua taratibu, wakati pete inaamshwa na ughafla wa kukatika. Kwa hiyo unaadhibiwa mara mbili: umechelewa, na umeiamsha pete kwa unyonge. Weka jozi ya BC337 na BC327, emita kwa emita, ziisukume na kuivuta geti, pamoja na rezista ya omu 10 tu kati yao na geti. Au tafuta IC ya kuendesha mosfeti kama TC4427. Vyovyote utakavyofanya, muda wa kuzima utashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde. Katika yote nitakayokueleza, hili ndilo la bei rahisi kuliko yote na lina faida kubwa.

Ukishabadilisha, tazama kwenye osiloskopu upande wa dreni, mguu wa mosfeti unaoelekea koili. Tafadhali tumia probu iliyo kwenye ×10, na hakikisha probu yenyewe imeandikwa volti 600 au zaidi, maana pulsi hii itaua osiloskopu ndogo ya mkononi mara moja, na kidole chako nacho kitaijua. Utaona mstari unapanda wima hadi volti 400 na kidogo, unatengeneza paa fupi lililo sawa, halafu unaporomoka. Paa hilo lisikutishe. Hapo mosfeti imefika kikomo chake na inamwaga nishati ya koili ndani yake yenyewe, na IRF740 imeundwa kustahimili hilo. Kama pulsi yako ina urefu wa mikrosekunde 60 na upinzani wa njia nzima ni omu 2, mkondo unafika karibu ampia 2, nishati yake ni milijuli 0.6, na paa litadumu kama mikrosekunde 1. Kabla ya kubadilisha geti, mstari huo ulikuwa unapanda kwa mlazo na paa halikuwa na kona. Ukiona kona mbili kali, geti imepona.

Baada ya paa ndipo kazi ya rezista ya kutuliza inapoanza, na hapa una kosa ambalo watu wengi sana wanalo. Koili ina kapasitansi yake (uwezo wa kuhifadhi chaji), kebo ina yake, mosfeti ina yake, na vyote pamoja na koili vinataka kuyumba kama kengele iliyopigwa. Rezista ikiwa kubwa mno, koili inaendelea kuyumba. Ikiwa ndogo mno, haiyumbi lakini inashuka kwa kujivuta. Thamani sahihi hupatikana hivi: gawanya henri za koili kwa kapasitansi, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha chukua nusu yake. Kwa mikrohenri 300 na pikofaradi 300, jibu ni omu 500, na bila shaka ndivyo ulivyoipata wewe pia. Hesabu yako ni sawa. Kilichosahaulika ni ile 1k inayoelekea op-ampu. Upande wake wa pili umeshikwa karibu na sifuri, ama na diodi ama na op-ampu yenyewe, kwa hiyo kwa macho ya koili 1k hiyo iko sambamba na 500 yako. Koili inaona omu 333.

Tofauti inaonekana ndogo lakini matokeo yake ni makubwa. Kutoka volti 400 hadi mikrovolti 10, kiwango ambacho ishara ya pete inaweza kuonekana, unatakiwa kushuka mara milioni 40. Kwa omu 500 kamili safari hiyo inachukua mikrosekunde 6 hivi. Kwa omu 333 inakaribia 14. Weka rezista ya kutuliza ya 1k, ili ikiungana sambamba na ile 1k ya op-ampu upate 500. Iwe ya kaboni au ya utando wa metali, ya wati 2, na isiwe ile ya waya uliozungushwa kwenye kauri, kwa sababu hiyo nayo ni koili nyingine umeiongeza. Hiyo 1k ya kuelekea op-ampu nayo ifanye mbili za omu 510 mfululizo. Rezista ndogo ya robo wati kwa kawaida imeandikiwa volti 250, wewe unaipiga na 400 mara mia kadhaa kila sekunde, na siku moja itabadilika thamani bila kukuaga.

Usiamini pikofaradi 300 kwa sababu nimeiandika mimi. Toa rezista ya kutuliza, tenganisha mosfeti, ipe koili pamoja na kebo yake mshtuko mdogo kutoka betri ya volti 9 kupitia rezista kubwa, na utazame inavyoyumba. Ikiyumba kwenye kilohezi 530, kapasitansi ni 300. Ikiyumba chini ya hapo, kapasitansi ni kubwa zaidi. Probu kwenye ×1 inaongeza kama pikofaradi 100 zake na itakudanganya, kwa hiyo ×10 tena. Kisha ongeza ya mosfeti. IRF740 peke yake ina kama pikofaradi 330 kwenye volti 25, na zinazidi kuongezeka volti zikishuka, yaani zinaongezeka wakati ule ule unaotaka utulivu. Dawa ni diodi ya kasi, UF4007 kwa mfano, iwekwe mfululizo kati ya koili na dreni. Pulsi ikishapita, diodi inajifunga na mosfeti inabaki na kapasitansi yake upande wake.

Kuhusu kebo: kila mita ya RG58 ni pikofaradi 100 hivi, kwa hiyo fupisha uwezavyo. Nimeona vijana wakitumia waya wa antena ya TV kwa sababu kapasitansi yake ni ndogo zaidi, na wazo lenyewe si baya, lakini waya wa katikati wa kebo nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa shaba. Upitishe sumaku. Ikivutwa, kebo hiyo haikufai. Na kinga ya koili, kama utaiweka, iwe ya rangi yenye grafaiti. Karatasi ya alumini itarudisha ishara yake yenyewe, nawe utabaki unaitafuta pete iliyo ndani ya mashine.

Diodi za 1N4007 ni nzuri kwa pawa saplai. Hapa ni mzigo. Zimeundwa kwa umeme wa hezi 50, na zikishapitisha mkondo zinachukua mikrosekunde kadhaa kumwaga chaji iliyobaki ndani. Chaji hiyo inamwagikia op-ampu wakati unajaribu kusikiliza. 1N4148 inamaliza kazi hiyo kwa nanosekunde 4, na kwa pigo fupi la mikrosekunde 1 inastahimili ampia kadhaa, wakati hapa inapata ampia 0.4. Hata ukiing'oa kwenye bodi ya redio mbovu, inatosha.

Sasa tufike kwenye op-ampu, maana hapo ndipo 35 zako zilipotoka hasa. Op-ampu inayokuza mara 1000 inagota kwenye kikomo cha umeme wake kwa kitu kidogo sana: milivolti 5 tu kwenye koili, tayari tokeo limefika volti 5. Kwa hiyo tangu pulsi inakatika hadi koili inapotulia, op-ampu yako imegota. Mtu akitoka juani saa sita mchana akaingia kwenye ujia wa nyumba ya Mji wa Kale, kwanza haoni kitu, hata kama macho yake ni mazima. Ndivyo ilivyo kwa op-ampu iliyogota: koili imeshatulia, yeye bado haoni.

Tena hata ikishaachia, haishuki ghafla. Kwa ukuzaji wa 1000, kasi ya NE5534 inapungua hadi makumi machache ya kilohezi. Tokeo lake linashuka kwa hatua za mikrosekunde kati ya 3 na 7, kutegemea kama umeweka kapasita ya fidia au la, na kila hatua inaondoa theluthi mbili ya kilichobaki. Kutoka volti 5 hadi milivolti 5 zinahitajika hatua 7 hivi, yaani kati ya mikrosekunde 21 na 49. Wewe unasema 35. Umeona? Namba yako ilikuwa inatoka hapo muda wote, na hakuna siri nyingine. Ishara ya pete haikupotea kabisa ndani ya mkia huo, imepakwa juu yake. Ila kuitofautisha na mkia ulio mkubwa mara mia kuliko yenyewe ni kazi ambayo hatua zinazofuata hazitaiweza.

Gawa ukuzaji. NE5534 ya kwanza ikuze mara 22, kwa rezista ya 22k kutoka tokeo kurudi kwenye ingizo, na sambamba na hiyo 22k weka 1N4148 mbili zilizopishana. Tokeo likitaka kupita volti 0.6, diodi zinapitisha, op-ampu inabaki kazini, haigoti. Kwa sababu diodi zikipitisha ukuzaji unashuka karibu na 1, na NE5534 bila msaada haina utulivu chini ya ukuzaji wa 3, weka kapasita ya pikofaradi 22 kati ya pini 5 na 8. Usiisahau, la sivyo utaona mawimbi madogo yanayotetemeka kila baada ya pulsi na utaanza kulaumu koili. Kasi ya hatua hii sasa ni kama nusu mikrosekunde. Usijaribu diodi hizo juu ya rezista ya 1M ya zamani, ile iliyokupa ukuzaji wa mara 1000: pikofaradi zao chache tu zikizidishwa na 1M zinakurudishia mikrosekunde kadhaa ulizozikimbia.

Hatua ya pili ikuze mara 45, jumla unarudi karibu na 1000 yako. Hapa unataka tokeo la volti 2 hivi, kwa hiyo weka 1N4148 nne mfululizo kila upande badala ya moja moja. Zena ina kapasitansi kubwa, iache. Na usiweke kapasita kati ya hatua mbili ili kukwepa ofseti, yaani volti ndogo inayobaki kwenye tokeo hata bila ishara. Kapasita hiyo itajichaji kila pulsi inapopita na kukuletea mkia mpya. Sawazisha ofseti kwenye hatua ya kwanza kwa potensiometa kwenye pini 1 na 8.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye mchoro. Nilisema 1k ya kuelekea op-ampu iko sambamba na rezista ya kutuliza kwa sababu op-ampu inashika upande wa pili kwenye sifuri. Op-ampu iliyogota haishiki kitu. Koili ikishuka chini ya volti 0.5 hivi, diodi za ingizo nazo zinaachia, na kama op-ampu bado imegota, ile 1k inatoweka kwa macho ya koili. Utulizaji unaruka kutoka omu 500 hadi 1000 katikati ya safari, na koili inaanza kuyumba upya dakika za mwisho. Ukiona mkia uliotulia vizuri halafu ukajikunja tena bila sababu, sababu ni hiyo. Op-ampu isiyogota inashika 1k mahali pake tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa kuhusu IC ya bei ghali. Kelele ya NE5534 ni kama nanovolti 4 kwa kipeuo cha pili cha hezi. Kelele ya rezista ya 1k iliyo mbele yake, kwa joto la kawaida, nayo ni nanovolti 4, na hiyo hutaikwepa kwa sababu rezista ndiyo inayolinda kila kitu. Ukinunua AD797, ambayo kelele yake haifiki hata nanovolti 1, kelele ya jumla inashuka kama robo tu. Robo ni kitu, lakini ni cha mwisho kununua, baada ya mengine yote kwisha. Ninachokusihi ni uhakikishe NE5534 zako ni za kweli. Dukani ukikosa, usikubali kupewa LM358 au 741 kwa maneno kwamba ni sawa. Pini za 741 zinaweza kukubali, kasi haikubali; za LM358 hata pini hazikubali.

Ardhi ya saketi inahitaji umakini kuliko watu wanavyodhani. Pulsi ya ampia 2 ikipita kwenye kipande cha shaba chenye upinzani wa miliomu 5 inaacha milivolti 10, na wewe unatafuta mikrovolti 10. Utaniambia: “Pulsi imekwisha wakati nasikiliza.” Pulsi imekwisha, ndiyo, lakini betri bado inaijaza ile kapasita kubwa iliyotoa mkondo, na miliampia 100 tu za kujaza zinaacha mikrovolti 500 kwenye kipande hicho hicho. Kwa hiyo kapasita ya mikrofaradi 2200 iwe karibu kabisa na koili na mosfeti, waya zake zirudi kwa betri peke yake, na ardhi ya op-ampu iungane na hiyo mahali pamoja tu. Op-ampu ipate regyuleta zake.

Sehemu ya kuchukua sampuli, yaani kupima tokeo kwa muda mfupi, nitaipitia haraka, kwa sababu tatizo lako haliko hapo. Sampuli ya kwanza, ya upana wa mikrosekunde 10 hadi 15, ichukuliwe mapema. Ya pili ichukuliwe mikrosekunde 100 baadaye, wakati pete imeshakufa, na uitoe kwenye ya kwanza. Kinachobaki sawa kwenye sampuli zote mbili kinafutika: ofseti, umeme unaozaliwa koili inapopita kwenye sumaku ya dunia ukiitembeza, na sehemu kubwa ya hezi 50 za nyaya za stima, ambazo ndani ya mikrosekunde 100 hubadilika kwa asilimia 3 tu. Kisha wastani wa pulsi 100 unapunguza kelele inayobaki mara 10. Jaribio usilifanye mezani chini ya taa za LED na chaja za simu, utalaani saketi isiyo na hatia. Nenda uwanja ulio wazi, au ufuoni.

Na ukisema ufuoni, nisikilize kidogo. Kutafuta pete ya mtu aliyeipoteza Nyali au Bamburi ni jambo jema. Lakini pembeni ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na popote penye magofu au vitu vya kale, usitembeze koili bila kibali. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inahitaji leseni kwa anayetafuta vitu vya kale, na sheria hiyo ina sababu nzuri. Mbele ya ngome hiyo ilizama merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697. Ilichimbuliwa na wataalamu kuanzia 1977, wakiandika mahali kila kitu kilipolala. Kitu kilichong'olewa bila kuandikwa kinabaki kipande cha chuma tu, historia yake imekatika.

La mwisho ni chumvi, maana nina hakika ukishamaliza marekebisho haya utataka kusikiliza mapema uwezavyo, kwenye mikrosekunde 8 au hata chini yake. Kwenye mchanga mkavu, fanya hivyo. Kwenye mchanga uliolowa, wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa na ufuo umefunguka, mambo ni tofauti. Maji ya bahari yanapitisha umeme, kama siemensi 5 kwa kila mita, na yenyewe yanarudisha ishara pulsi inapokatika. Kila ukiinua au kushusha koili kidogo, mashine italia.

Ila chumvi na pete havifi kwa namna moja, na hapo ndipo unapopata nafasi. Ishara ya chumvi hushuka kwa kipeo cha 2.5 cha muda: muda ukizidishwa mara 2, chumvi inashuka mara 5.7 hivi. Mwanzoni inaporomoka haraka kuliko pete, baadaye inakokota. Ukitoka mikrosekunde 8 kwenda 15, chumvi inapungua karibu mara 5 na pete mara 3, kwa hiyo umefaidika kusubiri. Ukitoka 15 kwenda 25, chumvi inapungua mara 3.6 na pete zaidi ya mara 5, umepata hasara. Mpaka wa faida na hasara uko kwenye mara 2.5 ya muda wa pete. Kwa pete yetu ya mikrosekunde 6, ni 15.

Kwa hiyo muda wa kusikiliza usiufunge kwa rezista moja. Weka potensiometa inayoweza kuusogeza kutoka 8 hadi 30, na uichore alama mbili kwenye kasha, moja kwenye 8 ya mchanga mkavu na nyingine kwenye 15 ya mchanga uliolowa. Pete ya mkeo ifunge kwenye kijiti cha mbao na uipitishe juu ya koili kwenye alama zote mbili, kwanza ukiwa umesimama pakavu, halafu miguu ikiwa majini, na uandike umbali uliopata kila mahali. Ukikuta kwenye mchanga mkavu bado huwezi kushuka chini ya 12 bila mashine kulia mfululizo, rudi kwenye dreni na uangalie upya zile kona mbili za paa, kisha mkia. Nitumie picha ya hiyo mistari miwili, ya dreni na ya tokeo la op-ampu ya kwanza, zote zikianzia pulsi inapokatika.